Kabla hujakubali kwamba ni bawasiri

Damu nyekundu chooni, muwasho usioisha, kinyama kinachoguswa wakati wa kuchamba: anayeona hivyo hukimbilia dawa ya bawasiri. Mara nyingi anapatia, maana bawasiri ni nyingi na saratani ya njia ya haja kubwa ni adimu. Ila dalili zinafanana mno, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Bawasiri ithibitishwe kwa macho na kidole, isikisiwe kwa maelezo ya mdomo.

Sehemu yenyewe ni kifereji kifupi, sentimita 3 hadi 5, kati ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) na nje. Kimezungukwa na misuli miwili ya duara: wa ndani unajibana wenyewe bila kuamriwa, wa nje unaubana wewe ukisubiri choo kilicho na mtu. Karibu na katikati upo mstari uliokatika kama meno ya msumeno. Juu yake utando ni wa kiutumbo, wenye seli ndefu zinazotoa ute. Chini yake seli ni bapa, kama za ngozi isiyo na vinyweleo. Mpakani hapo seli za aina moja hugeuka kuwa za nyingine, na ndipo kirusi cha HPV hujipenyeza kwa urahisi, kama kinavyofanya kwenye mlango wa kizazi. Takriban uvimbe 9 kati ya 10 wa saratani hii hutokana na HPV, hasa aina ya 16.

Mstari huo unaeleza mambo mengi. Neva za chini yake zinahisi maumivu kama ngozi yoyote. Za juu hazihisi hivyo, kwa hiyo uvimbe ulioanzia huko unaweza kukua kimya, ukatoa damu tu. Limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi, nayo hugawanyika: ya chini huelekea tezi za kinena, ya juu huingia ndani ya nyonga. Ndiyo maana mtoki mgumu usiopungua, na mguuni hakuna kidonda, unatakiwa umfanye daktari akague huko nyuma pia. Wengi hupewa antibayotiki na kurudishwa nyumbani.

Kipimo cha kwanza hakichukui hata dakika 5. Unalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Daktari anatazama ngozi ya nje, kisha anaingiza kidole chenye glovu na jeli, anakizungusha duara zima na kukuambia ubane. Bawasiri ya ndani ni laini, ikibonyezwa inanywea. Mara nyingi kidole hakiioni kabisa. Uvimbe wa saratani huwa mgumu, kingo zimeinuka, umeng'ang'ania ulipo. Kikipatikana chochote cha kutilia shaka, bomba fupi lenye taa huingizwa na kipande kidogo cha nyama hukatwa kwenda maabara. Bila kipande hicho hakuna utambuzi. Baadaye ndipo picha za MRI ya nyonga na CT ya kifua na tumbo huonyesha uvimbe ulikofika. Sentimita 2 na 5 ndiyo mipaka ya ukubwa inayotumika kupanga hatua.

Walio hatarini zaidi ni wanaoishi na VVU, wanaotumia dawa za kushusha kinga baada ya kupandikizwa kiungo, wanawake waliowahi kuugua saratani ya mlango wa kizazi au ya uke wa nje, wavutaji sigara, na waliowahi kuingiliwa kinyume cha maumbile. Lakini HPV huhama kwa mgusano wa ngozi za sehemu za siri, na katika nchi nyingi wanawake wanaougua ni wengi kuliko wanaume. Anayeuliza kwa jicho la hukumu humfanya mgonjwa afiche dalili. Chanjo ya HPV huzuia maambukizi mapya; haiondoi yaliyokwishaingia.

Zamani tiba ilikuwa kukata njia yote na kuvaa mfuko wa kinyesi maisha. Mwaka 1974 Dk. Norman Nigro wa Detroit aliripoti wagonjwa 3 aliowapa mionzi pamoja na dawa za saratani. Waliopasuliwa baadaye hawakukutwa na saratani. Mpaka leo tiba kuu ya saratani ya seli bapa ni hiyo: mionzi siku 5 kwa wiki kwa wiki 5 au 6, pamoja na dawa za mitomaisini na fluorourasili. Iliyoanzia kwenye tezi za ute hutibiwa kama ya puru, na upasuaji huhusika zaidi.

Kufikia wiki ya 3 ya mionzi ngozi ya kinena na matakoni huwa nyekundu, kisha huchubuka. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10, jikaushe kwa kugusagusa, acha sabuni yenye manukato. Maumivu yakizidi omba dawa, usikatishe mionzi: kila siku inayorukwa huzipa seli nafasi ya kujijenga. Anayetaka kuzaa aulize kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu mionzi ya nyonga huharibu ovari.

Uvimbe huyeyuka polepole. Ukionekana bado upo wiki ya 11 tangu tiba ianze, hilo halina maana kwamba tiba imeshindwa. Ikiwa unaendelea kupungua, hungojwa hadi wiki ya 26 kabla ya kuzungumzia upasuaji. Baada ya hapo njia hukaguliwa kwa kidole, na kinena pia, kila miezi 3 hadi 6, kwa miaka 5.