Mapafu hayajitanui yenyewe

Ndugu uliyeuliza kama mapafu yenyewe ndiyo yanayovuta hewa tunapopanda vilima vya Bukavu: hapana, kwa sababu hayana misuli ya kuyatanua. Kazi hiyo hufanywa hasa na kiwambo, msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, ambao ukikaza hushuka, huku misuli iliyo kati ya mbavu ikiinua kifua, na hewa huingia kwa kuwa shinikizo la ndani limekuwa dogo kuliko la nje. Amri hutoka katika shina la ubongo, yaani sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo, ambalo, na hili hunistaajabisha sana, hufuatilia kaboni dioksidi ya damu hata tukiwa usingizini. Moyo nao husukuma damu hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa vilivyo ndani ya mapafu, ikachukue oksijeni.