Barua kwa mwanangu anayetaka kufunga ndoa korongoni

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Hapa Dodoma tu wazima. Mama yako anakusalimu, na bibi yako ameshaanza kuuliza atavaa kitenge gani.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema wewe na mwenzio hamtaki ukumbi. Mmeona picha za maharusi wa Marekani wakiwa kwenye korongo la jangwani kule Utah, kuta nyekundu kushoto na kulia, mkalikumbuka korongo la Isimila, huko Iringa kwa wakwe zako. Ukaniuliza: "Baba, inawezekana? Na wewe utaridhia?"

Kuridhia nimeridhia. Isimila nilifika. Ukisimama chini ya zile nguzo za udongo, sauti inashuka yenyewe, na mtu anayetaka kutoa ahadi ya ndoa mahali kama pale namwelewa kabisa. Ila kuwezekana kuna mambo yake, na la kwanza ni maji.

Unajua nilikuwa kibarua wa HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, huko Kondoa, miaka ya themanini. Mradi ule ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye ardhi iliyomomonyoka. Sisi tulichimba makinga maji, kwa hiyo makorongo nayajua kwa miguu yangu. Mchana mmoja tulikaa kwenye mchanga wa korongo tunakula, jua kali, juu hakuna wingu. Mzee mmoja Mrangi akaacha kutafuna. Akalaza kiganja mchangani, akatulia, kisha akasema neno moja: "Pandeni." Tukapanda. Hatujakaa sawa huko juu, maji mekundu yakafika yakisukuma gogo mbele, yakaondoka na sufuria yetu ya ugali. Mvua ilikuwa imenyesha vilimani, sisi hatukupata hata tone. Hata huko Marekani, Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope, Arizona, kwa mvua iliyonyesha mbali nao. Na hizo nguzo unazozipenda, mwanangu, ni maji ya mvua yaliyozichonga. Basi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili usinitajie tarehe yoyote.

Juni na Julai ni kiangazi, lakini baridi ya Iringa asubuhi unaijua, na bibi yako ana magoti. Mimi naona Septemba.

Upepo nao usiudharau. Sherehe ya kumuaga shangazi yako alipoolewa tulifanyia kiwanjani hapa Dodoma, mwezi wa nane. Upepo ukanyanyua turubai, mti wake mmoja ukachomoka ardhini, na vumbi likatua juu ya keki mpaka ile krimu nyeupe ikawa rangi ya ulezi. Shangazi yako alisimama pembeni anaifuta kwa ncha ya kidole, machozi yanamtoka. Sitaki kukuona hivyo. Korongoni msipeleke turubai wala keki. Wekeni ahadi kule, chakula kiliwe mjini. Anzeni saa tatu na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa sita, maana jua la utosi likiingia mle chini hakuna wa kumkinga mwenzake.

Mpambaji mwambieni mapema: hakuna msumari, hakuna kamba kwenye nguzo. Ule ni udongo, ukiukwaruza haurudi. Mahali pale pamejulikana kwa wataalamu tangu 1951 kwa ajili ya mashoka ya mawe ya watu wa kale, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda. Watoto wa ukoo wataokota tu, nawajua, kwa hiyo mpeni mtu mzima kazi ya kuwaangalia. Kibali cha kufanyia ibada pale kiombwe kwa maandishi kwa wasimamizi wa eneo, msiridhike na neno la mlinzi getini.

Sasa Kanisa. Nyote ni Wakatoliki, na ndoa ya Wakatoliki wawili mahali pake ni kanisa la parokia. Pasipo kanisa, kama kule korongoni, ruhusa ni ya askofu wa mahali, na anaweza kuitoa kwa mahali panapofaa. Mwoneni paroko kabla hamjachapisha kadi hata moja. Askofu akikataa, usigombane naye: fungeni ndoa kanisani asubuhi, kisha twende Isimila tukasali pamoja na mpige picha zenu. Matangazo ya Jumapili tatu yapo palepale, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku zisizopungua 21.

Lililobaki ni bibi yako. Kutoka hapa hadi Iringa kupitia Mtera ni kilomita 260 hivi, hizo atazimudu. Ninachohofia ni kile kiteremko cha kuingia korongoni. Jana jioni alinishika mkono akasema, "Mniketishe karibu, nisikie mtoto anavyojibu." Masikio yake hayashiki tena sauti ya mbali. Kama njia ya kumteremsha haipatikani, simameni juu ukingoni, nguzo zikiwa nyuma yenu, yeye awe kwenye kiti mbele kabisa.

Nataka nikaione ile njia mwenyewe, saa ileile ya ibada, nikiwa na kiti na mtu wa kusaidiana naye kukibeba. Mwambie mwenzio achague Jumamosi, mimi nitapanda basi la Ijumaa.

Baba yako