Nakala Ipo, Lakini Je, Itarejea?

Maswali ya wasomaji kuhusu usimamizi wa hifadhidata

SWALI: Assalam aleikum. Nasimamia hifadhidata inayoendeshwa na programu ya PostgreSQL katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kilindini. Kila siku saa tano usiku skripti huchukua nakala kwa pg_dump (chombo cha PostgreSQL cha kunakili data), huipitisha kwenye gzip ili ibanwe iwe ndogo, na kuiweka kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva. Hatujawahi kuirejesha. Bosi anauliza kama tuko salama, nimjibu nini?
Msomaji, Mwembe Tayari

JIBU: Waaleikum salaam. Mwambie ukweli: bado hamjui.

Anza na hiyo skripti. Amri mbili zikiunganishwa kwa alama ya bomba, matokeo yanayoripotiwa ni ya amri ya mwisho, yaani gzip. Pg_dump ikikwama kwa sababu ya nywila au toleo lisilooana, gzip bado itamaliza kazi yake bila kulalamika na faili litatokea kwenye diski kama kawaida. Ukikuta faili la baiti 20, hilo ni gzip iliyobana hewa. Weka `set -o pipefail` mwanzoni mwa skripti ya bash ili kushindwa kwa pg_dump kuripotiwe, au achana na gzip utumie `pg_dump -Fc`, ambayo hubana yenyewe na hukuwezesha kurejesha hata jedwali moja tu. Sisi twapendelea hiyo ya pili.

Kampuni kubwa pia zimenaswa hapa. Tarehe 31 Januari 2017, data ya seva kuu ya GitLab, huduma ya kutunza misimbo ya programu, ilifutwa kwa bahati mbaya. Walipokwenda kutafuta nakala za pg_dump hawakuzikuta: pg_dump ya toleo la 9.2 ilikuwa ikishindwa kila mara mbele ya hifadhidata ya 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyochukuliwa saa sita hivi kabla.

Kwa hiyo, walau mara moja kwa mwezi, tafuta kompyuta nyingine, weka PostgreSQL ya toleo lilelile, fungua hifadhidata tupu uiite jaribio, kisha `pg_restore -d jaribio` na jina la faili. Ikilalamika kwamba watumiaji fulani hawapo, si ajabu: pg_dump haibebi watumiaji, kwa hivyo wachukue hao kwa `pg_dumpall --globals-only`. Hesabu rekodi za majedwali makuu, tazama ankara ya mwisho ni ya lini, na uandike urejeshaji umechukua muda gani. Muda huo ndio bosi anaohitaji kuujua, kwa sababu siku ya balaa ndio muda ambao makontena yatasubiri.

Kuhusu diski: ikiwa imechomekwa saa zote, programu hasidi inayofunga mafaili itaifunga nayo, na umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza vyote viwili. Nakala nyingine ikae nje ya jengo, imefungwa kwa nywila. Jengo moja likiingia maji wakati wa masika, lisizame na nakala zote.

Tena, seva ikifa saa kumi jioni mtapoteza kazi ya saa 17. Kama hilo halivumiliki, hifadhini mafaili ya WAL (kumbukumbu ya kila badiliko la data) kila yanapojaa, MB 16 kila moja, pamoja na nakala ya msingi ya `pg_basebackup`. WAL haiwezi kuungwa juu ya nakala ya pg_dump, na wengi hugundua hilo wakati wameshachelewa.

SWALI: Programu ya mauzo ya duka letu la jumla Kongowea inatumia MySQL. Mwaka jana ilikuwa nyepesi, sasa ripoti ya mwezi inachukua dakika nzima. Fundi anataka tununue seva mpya. Ni lazima?
Mwenye duka

JIBU: Subiri kwanza, pesa hizo huenda zisihitajike. Mwambie awashe slow_query_log, kumbukumbu ya maombi yanayochelewa, na ashushe long_query_time, kiwango cha kuhesabiwa kuchelewa, hadi sekunde 1, maana sekunde 10 za kawaida hupitisha mengi. Ombi linalojirudia sana aliwekee EXPLAIN mbele, MySQL ieleze jinsi inavyolitekeleza. Kwenye safu ya type kukitokea ALL, MySQL inasoma jedwali zima. Mwaka jana hamkuhisi kwa kuwa lilikuwa dogo.

Mara nyingi kisa huwa ni `YEAR(tarehe) = 2025 AND MONTH(tarehe) = 3`. Tarehe ikifungiwa ndani ya YEAR(), indeksi yake ya kawaida (orodha ya kutafutia rekodi haraka) haitumiki. Aandike `tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01'`, kisha atengeneze indeksi ya (tawi_id, tarehe) kwa mpangilio huohuo ikiwa ripoti huchujwa kwa tawi. Asiweke indeksi kila mahali, kwani kila mauzo mapya yataandikwa kwenye zote na kaunta itakuwa nzito.

Aangalie pia innodb_buffer_pool_size, yaani kumbukumbu (RAM) ambayo MySQL hutumia kushikilia data. Ikiachwa ilivyokuja ni MB 128 tu, hata kama seva ina GB 16.

SWALI: Nimeagizwa nibadilishe bei moja kwa moja kwenye hifadhidata ya MySQL. Nitafanyaje nisiharibu?
Msomaji, Likoni

JIBU: Andika SELECT yenye WHERE unayokusudia, uhesabu rekodi zinazotoka. Andika START TRANSACTION ili mabadiliko yasithibitishwe mara moja, kisha UPDATE kwa WHERE ileile. Idadi ikilingana, COMMIT kuthibitisha; isipolingana, ROLLBACK kurudisha yaliyokuwapo. Hakikisha jedwali ni la aina ya InnoDB, kwa sababu kwenye aina ya MyISAM ROLLBACK hairudishi kitu. Wala usiende kula chakula cha mchana kabla hujaandika COMMIT au ROLLBACK: rekodi ulizogusa zimeshikiliwa, na karani akitaka kupunguza stoki ya bidhaa hiyo atagota sekunde 50, kisha apate hitilafu.