Seti ya uso ya laki na ishirini: nimalizie kudunduliza?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 24, nauza vitenge Mbagala Rangi Tatu, na meza yangu iko juani. Chunusi zimeniachia madoa meusi mashavuni. Mtandaoni nimeona seti ya vitu vitano, yaani sabuni, tona, seramu, krimu ya mchana na ya usiku, kwa Sh 120,000. Wanaahidi uso kung'aa ndani ya siku 7. Nimeshadunduliza 70,000. Nimalizie?
Muuza vitenge, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimalizie. Hiyo 70,000 iongeze kwenye mtaji, ubakize kidogo tu ya losheni nitakayokutajia.

Hizo siku 7 ndizo zilizonikera. Chembe ya ngozi inayozaliwa chini leo huchukua kama wiki nne kufika juu na kupukutika, na doa la chunusi hufifia kwa miezi. Basi kinachong'arisha uso kwa wiki moja ama kinakuchubua, ama kina dawa ambayo hawakuambii. Mikorogo, zile krimu za kujichubua, ndivyo ilivyo: ndani mna haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki huharibu figo. Steroidi huifanya ngozi nyembamba, na ukiacha kuitumia uso hufumuka upya. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, lakini bado zinapenya.

Nilikaa miaka tisa kwenye duka la vipodozi Kariakoo. Siku moja kopo la krimu liliniponyoka likapasuka. Ndani mlikuwa na kikombe kingine kidogo, na kati ya kuta mbili hewa tupu. Kopo la kujaza kiganja, krimu vijiko vitatu! Tulikuwa tunaliuza 45,000. Nikasoma mgongoni: maji, gliserini, mafuta. Viungo huandikwa kwa wingi wake, kilichozidi kinatangulia. Lulu iliyochorwa mbele kwa rangi ya dhahabu ilikuwa mkiani, baada ya manukato. Rafu ya chini kulikuwa na losheni ya 6,000, na viungo vyake vitatu vya kwanza vilikuwa vilevile. Asubuhi ileile nilikuwa nimemuuzia lile kopo mama mmoja aliyenihesabia noti za elfu mbili mbili. Inaniuma mpaka leo.

Sasa wewe. Nawa uso asubuhi na jioni kwa sabuni laini isiyokuacha umekakamaa, bila kusugua. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka losheni nyepesi yenye gliserini. Tona huihitaji.

Pesa kidogo uliyo nayo iweke kwenye losheni ya kuzuia jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, kwa sababu jua la mezani kwako ndilo linalokoleza hayo madoa kila siku. Paka ya kutosha asubuhi, rudia baada ya saa mbili, na utafute mwavuli. Ngozi yetu nyeusi ina kinga yake, ila haitoshi kwa madoa.

Kama chunusi bado zinatoka, uliza duka la dawa benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kupaka, ya asilimia 2.5 au 5, upake kidogo usiku. Mwanzoni hukausha, kwa hiyo anza siku moja na kuruka moja. Na wewe hasa sikiliza: dawa hii hubabua rangi ya kitambaa. Usishike vitenge kabla hujanawa mikono, na mto ulalie foronya nyeupe.

Limau usiguse, hasa ukiwa unashinda juani. Huunguza na kuongeza weusi. Na usitumbue chunusi, hata ile yenye kichwa.

Zikiwa kubwa, za ndani, zenye maumivu, nenda hospitali kwa daktari wa ngozi, maana hizo huacha mashimo. La sivyo, vumilia miezi mitatu kabla ya kusema haifanyi kazi. Na kama tayari kuna kopo unalolitumia, niandikie maneno ya mgongoni, ya mbele yaache.