FBI inaonyesha nilikamatwa, haionyeshi kesi iliishaje

SWALI: Jambo sana, avoka. Niliishi Texas, Marekani, tangu 2015 mpaka 2022, kisha nikarudi Lubumbashi. Mwaka 2018 polisi wa huko walinikamata kwa sababu ya ugomvi na jirani. Nililala ndani usiku mmoja, kesi ikafika mahakamani, na baada ya miezi michache ikafutwa. Sasa ninajitayarisha kuomba ukaaji wa Kanada kwa njia ya Express Entry (mpango wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi), na wanataka karatasi ya FBI, polisi ya upelelezi ya Marekani, inayoonyesha kama mtu aliwahi kukamatwa. Rafiki yangu aliyepita njia hiyo, karatasi yake ilitoka na kukamatwa tu, mwisho wa kesi haukuandikwa. Kuna mtu hapa mjini anaomba dola 350, anasema ana watu wa kuisafisha. Nikiwa hapa Katuba nifanye nini? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Ndugu, hizo dola 350 zibaki mfukoni mwako. FBI inatoza dola 18 kumpa mtu rekodi yake mwenyewe, na ukiona kosa ndani yake, kuomba lisahihishwe hakulipiwi kitu. Huyo mtu wa mjini hawezi kuifikia rekodi hiyo. Hata FBI yenyewe haiwezi kubadilisha mambo yaliyotokea Texas mpaka Texas iseme.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Karatasi hii ni orodha ya yale ambayo ofisi nyingine zimeipelekea FBI: polisi waliochukua alama za vidole, tarehe, shitaka, na matokeo ya kesi kama yaliletwa. Mwisho usipoletwa, nafasi yake inabaki tupu. Kwa hiyo kazi yako ina sehemu mbili: kwanza kuipata rekodi uone kilichomo, kisha kurekebisha palepale kasoro ilipoanzia.

Usianze kurekebisha kabla ya kuiona. Huenda yako ina mwisho wa kesi tayari, na rafiki yako alikuwa na bahati mbaya tu.

Ombi linafanywa kwenye tovuti ya FBI, edo.cjis.gov. Unaandika barua pepe yako, unajaza maelezo, unalipa dola 18 kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard. M-Pesa na Airtel Money hazipiti hapo. Kama huna kadi, tafuta ya kulipia kabla kwenye benki, au ndugu aliye ng'ambo alipe kwa kadi yake. Ukimaliza utapokea barua pepe yenye namba ya ombi. Ichapishe. Wale walio Marekani wanaweza kwenda kuweka vidole kwenye baadhi ya posta za huko, lakini wewe utatuma kadi ya alama kwa njia ya barua. Utaona pia kampuni binafsi zilizoidhinishwa na FBI zinazotangaza majibu ya haraka. Hizo zinahudumia raia wa Marekani na wenye ukaaji wa kudumu wa huko tu. Kama huna mojawapo, usipoteze muda nazo.

Sasa kadi ya vidole, na hapa nitakaa kidogo, maana maombi mengi yanayotoka kwetu yanakwama hapa. Fomu inaitwa FD-1164. Unaipakua kwenye tovuti ya FBI na kuichapisha kwenye karatasi nyeupe ya kawaida. Unaenda nayo kwa polisi aliyezoea kuchukua alama kwa wino mweusi, siyo kwa mtu mwenye pedi ya mhuri yenye wino wa bluu. Safu ya kwanza ni mkono wa kulia, kuanzia gumba mpaka kidole kidogo. Safu ya pili ni mkono wa kushoto kwa mpangilio uleule. Kila kidole kinaviringishwa mara moja, kuanzia ukingo wa kucha upande mmoja mpaka ukingo wa pili. Gumba linaviringishwa kuelekea mwilini, vidole vingine kutoka mwilini kwenda nje. Ukirudisha kidole nyuma katikati ya kuviringisha, mistari inapandana na alama imeharibika. Chini ya kadi kuna nafasi za alama bapa: vidole vinne pamoja, na magumba peke yake, bila kuviringisha. Wengi huziacha tupu wakidhani ni marudio. Siyo marudio: ndizo zinazoonyesha kwamba kila kidole juu kimewekwa kwenye kisanduku chake.

Mwambie anayekuchukua alama aache kidole kilegee, yeye ndiye akiongoze. Wino ukizidi, mistari inaungana na kuwa doa, ukipungua, inakatika. Nawa kwa sabuni, kauka kabisa, futa kwa alikoli kama mikono inatoka jasho. Kama umefanya kazi ya sementi au kuchimba mawe, ngozi ya vidole imelika: acha kazi hiyo siku kadhaa, paka mafuta ya mikono kila usiku, na asubuhi ya siku yenyewe usipake. Kama kidole hakipo, kisanduku chake kisiachwe wazi bila maelezo; iandikwe kwamba kimekatwa. Chukua kadi mbili au tatu siku hiyohiyo, kisha utume zaidi ya moja, maana alama isiyosomeka kwenye kadi ya kwanza inaweza kuonekana vizuri kwenye ya pili. Fotokopi haikubaliki, wala kadi iliyopita miezi 18.

Jina na tarehe ya kuzaliwa viandikwe juu ya kadi jinsi vilivyokuwa kwenye karatasi zako za Marekani. Sisi Wakongo tuna jina, postinomu (jina linalofuata la ukoo) na prenomu, na ofisi za Marekani hazijui postinomu ni kitu gani. Mara inakuwa jina la katikati, mara inaunganishwa na la ukoo, mara inatupwa. Andika majina yote uliyowahi kuandikwa huko. Na tarehe: Wamarekani wanaanza na mwezi. 04/07 kwao ni tarehe 7 mwezi wa nne. Kama ulipita kambi ya wakimbizi na ukaandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, tumia hiyohiyo iliyokuwa kwenye vitambulisho vyako vya huko. FBI inatafuta kwa vidole, kwa hiyo jina lililokosewa halitakuzuia kupata rekodi. Litakusumbua baadaye kwenye mahakama, kwa sababu karani anatafuta kwa jina na tarehe.

Kadi na ile barua pepe yenye namba ya ombi unazituma kwa: FBI CJIS Division – Electronic Summary Request, 1000 Custer Hollow Road, Clarksburg, West Virginia 26306. Tumia kampuni ya kusafirisha vifurushi kama DHL, na uweke namba ya kufuatilia. Kwa sababu uliomba kwenye tovuti, jibu litakuja kwenye tovuti hiyohiyo. Lipakue na ulihifadhi sehemu mbili.

Ukilipata, tafuta mstari wa 2018. Kama kuna shitaka na chini yake hakuna matokeo, sababu mara nyingi ni moja kati ya hizi tatu. Ya kwanza: karani wa mahakama hakupeleka matokeo kwa ofisi ya jimbo. Sheria ya Texas inampa siku 30 (polisi waliokamata wana siku 7), lakini kuwepo kwa sheria siyo kutekelezwa. Ya pili: alipeleka, lakini hayakuunganishwa. Texas inampa kila anayekamatwa namba ya tukio, inayoitwa TRN. Karani akiiandika vibaya, au kama shitaka la mahakamani lilikuwa tofauti na lile la polisi, matokeo yanakosa mahali pa kukaa. Ya tatu: kesi haikufunguliwa kabisa, mwendesha mashtaka aliamua kutoshitaki. Hapo usihangaike na karani, hana faili; unahitaji barua ya ofisi ya mwendesha mashtaka inayosema hakuna shitaka lililofunguliwa. Wewe unasema kesi ilifika mahakamani, kwa hiyo yako ni mojawapo ya mbili za kwanza.

Dawa yake ni nakala ya uamuzi wa mwisho, yenye uthibitisho na mhuri wa karani. Picha ya simu au karatasi uliyochapisha kwenye tovuti ya kaunti haitoshi. Makosa makubwa yanasikilizwa kwenye mahakama ya wilaya na faili liko kwa karani wa wilaya. Madogo ya daraja A na B yanasikilizwa kwenye mahakama za kaunti, na faili kwa kawaida liko kwa karani wa kaunti, ingawa kaunti nyingine zimeweka yote mahali pamoja. Kaunti unayotafuta ni ile ulikokamatiwa, hata kama ulikuwa ukiishi nyingine. Faili la kesi ya namna hii ni la wazi, kwa hiyo binamu yako aliye huko anaweza kwenda dirishani bila idhini yako ya maandishi. Mpe namba ya kesi kama unayo, la sivyo majina yote, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kukamatwa. Achukue nakala tatu. Aangalie kabla ya kuondoka kwamba shitaka, tarehe na neno la uamuzi vinasomeka, na kama TRN ipo kwenye faili, aiombe pia.

Nakala moja inakwenda Texas Department of Public Safety, huko Austin, ambayo ndiyo inayotunza rekodi za jimbo na kuzipeleka FBI. Anza nao. Ukienda FBI moja kwa moja wataipokea changamoto yako (yaani ombi la kusahihisha rekodi), ndiyo, lakini watakachofanya ni kuwaandikia haohao wa Texas. Hata hivyo, ninashauri kufungua changamoto FBI pia kwenye tovuti ileile ya ombi, na kuambatisha uamuzi wa mahakama. Katika maelezo andika mambo manne tu: tarehe ya kukamatwa, polisi gani, kilichokosekana, na karatasi inayothibitisha. Barua ya kurasa tatu inayoeleza jinsi jirani alivyoanza ugomvi haimsaidii anayeshughulikia faili. Mabadiliko yakifanyika, omba rekodi mpya. Ile uliyonayo haijibadilishi yenyewe.

Soma neno la uamuzi kwa makini kabla hujaliita kosa. Texas ina utaratibu ambapo mtu anakubali kosa au hapingi shitaka, jaji anaahirisha hukumu, mtu anamaliza muda wa uangalizi, kisha kesi inafutwa. Wengi wanakumbuka neno la mwisho, "ilifutwa", na kusahau kwamba walisaini kukubali. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, rekodi itaonyesha huko kuahirishwa kwa hukumu, na hilo halisahihishwi kwa sababu ni kweli.

Na kusahihisha siyo kufuta. Ukifanikiwa, kukamatwa kwa 2018 kutabaki pale, na pembeni yake kutaandikwa kwamba kesi ilifutwa. Kuondoa mstari mzima kunahitaji amri ya mahakama ya Texas, na ni kazi ya wakili wa huko. Ukiwahi kufikiria njia hiyo, chukua kwanza nakala zako zenye mhuri. Amri ikitoka, mafaili yanaharibiwa, na utabaki huna cha kumwonyesha ofisa wa Kanada jinsi kesi ilivyoisha.

Maana ofisa huyo atakuuliza. Fomu ya Kanada haiulizi tu kama ulihukumiwa. Inauliza kama umewahi kukamatwa au kushitakiwa katika nchi yoyote. Jibu lako ni ndiyo, hata kama rekodi itatoka safi kama sahani. Kesi iliyofutwa ni jambo la kueleza kwa aya moja. Kuificha ni uongo kwenye ombi, na adhabu yake ni kufungiwa miaka 5.

Kuhusu muda: ukipata mwaliko wa kuomba, Express Entry inakupa siku 60 kuleta kila kitu, na siku hizo hazitoshi kwa kazi niliyoeleza. Anza sasa, huna hasara. Kanada inataka rekodi ya nchi uliyoacha kuishi iwe imetolewa baada ya kuondoka kwako mara ya mwisho, kwa hiyo ukipata ya FBI mwezi huu itafaa mwakani pia, mradi usirudi kukaa huko. Kasie judisieri ya Kongo (karatasi ya rekodi ya makosa ya hapa) ni tofauti: hapa ndipo unapoishi, kwa hiyo iwe haijapita miezi 6 siku unapowasilisha ombi. Hiyo iache mpaka karibu na mwisho. Siku 60 zikikaribia kuisha na ofisi ya Texas bado haijamaliza, weka rekodi ya FBI jinsi ilivyo, pamoja na uamuzi wa mahakama wenye mhuri na barua fupi ya maelezo. Ya Kiingereza haitafsiriwi, na kasie yako ya Kifaransa pia wataisoma jinsi ilivyo.