Jibu: Kwa nini nyota za Kausi zinatoka kama ukungu mweupe

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha zako za upande wa kitovu cha galaksi zinatoka kama ukungu mweupe badala ya nyota mojamoja. Kamera yako haina kosa. Upande huo wa kundinyota la Kausi tunatazama kuelekea kitovu kilicho umbali wa takriban miaka 26,000 ya nuru, na nyota zimesongamana kiasi kwamba lenzi fupi huziangushia nyingi kwenye doa moja.

Tumia lenzi ya milimita 135 hivi, punguza tundu hadi f/4 ili nyota za pembeni zisivutike mikia, kisha piga picha nyingi fupi na kuziunganisha kwa programu. Bila kifaa cha kufuata mzunguko wa anga, usizidishe sekunde 3. Hakikisha fokasi kwa kukuza nyota moja kwenye kioo cha kamera hadi ibaki nukta ndogo kabisa. Hapo ndipo wengi tunapoharibu usiku mzima.

Anzia kwenye Dirisha la Baade, yaani eneo dogo la anga karibu na nyota ya Gamma ya Kausi, ambako vumbi la angani ni jembamba na nyota kongwe zinaonekana za manjano. Ukiwa Dodoma mwishoni mwa Julai, Kausi huwa juu sana kati ya saa tatu na saa nne usiku. Wakati wa kuhariri, usiongeze mwangaza kupita kiasi, maana rangi hiyo ya manjano ndiyo hutangulia kupotea.