Steve Martin hakufulia, kumbi ndizo zilimshinda

Umeuliza kwa nini Steve Martin, mchekeshaji na mwigizaji wa Marekani, aliacha uchekeshaji wa jukwaani wakati anatamba, au alikuwa amefulia? Hata kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anajaza kumbi za maelfu ya watu, ndiyo maana ya ile suti nyeupe aliyokuwa akivaa jukwaani: aliyekaa nyuma kabisa naye amwone. Shida ni kwamba vichekesho vyake vilitegemea vitu vidogo. Nyusi ikipanda, kidole kikitingishwa, kimya cha sekunde mbili. Kwenye ukumbi kama ule vyote vinamezwa. Watu walishangilia kabla hajafungua mdomo, na mchekeshaji asiyesikilizwa anabaki kuwa MC tu. Mwaka 1981 akaachana nayo.

Halafu wengi husahau kwamba kalamu ilitangulia. Mwaka 1969, akiwa na miaka 23, alipata tuzo ya Emmy pamoja na wenzake kwa kuandika kipindi cha televisheni cha Smothers Brothers, ndugu wawili wachekeshaji. Kwa hiyo kwenye filamu hakuingia kama mgeni: The Jerk (1979) aliiandika na wenzake, Roxanne (1987) akaiandika mwenyewe. Hiyo ya pili kwangu ndiyo bora, tafuta pale baa anapoitania mfululizo pua ndefu ya mhusika wake mwenyewe, utacheka peke yako.

Tamthilia ya televisheni Only Murders in the Building ya 2021 pia ni yake, aliibuni pamoja na John Hoffman. Na jukwaani alirudi baada ya miaka mingi, ila safari hii na mchekeshaji mwenzake Martin Short ubavuni.